Vitone vya Kona ya Chini Kulia

Jumatatu, 3 Machi

Mimi ndiye mtaalamu namba moja wa ubora wa ukaguzi wa hesabu katika mtaa huu, na sioni kwa nini niishie kwenye mtaa. Shule niliiacha kabla hatujafika kwenye asilimia. Mwenye kubisha aje dukani kwa Mama Kopi. Nipo nyuma ya mashine ya kopi, upande wenye feni.

Utaalamu wangu umeanza leo baada ya chai. Dada amekuja na flashi mkononi na macho mekundu. Kompyuta yake imekufa, safari hii kabisa, hata ukiipiga kofi haiamki. Ya dukani kwetu ina nguvu za punda kwa sababu Mama Kopi huchapa mabango ya matangazo. Kaniomba nimsaidie kuchora ramani ya tasnifu yake.

Nilidhani ramani ya mito na milima. Kumbe wapi! Kanieleza taratibu, kama anavyowaeleza wanafunzi wake wa chuo. Mkaguzi anaingia ofisini, anatazama hesabu, anatia sahihi kwamba ziko safi. Sasa nani anajua kama alitazama kweli? Hapo ndipo penye ubora wa ukaguzi, na wasomi wamepaandikia maelfu ya makala. Dada anataka kujua wasomi hao wamekuwa wakiuliza nini miaka yote hii: swali lipi limepanda bei, lipi limechuja, lipi hakuna aliyeligusa. Unachukua maneno ya makala zote kutoka maktaba, unayatia kwenye programu, inakuchorea vitone. Neno linalotajwa sana, kitone kikubwa. Maneno yanayotembea pamoja, yanafungwa uzi.

Nikamwambia kumbe ni umbea wa wasomi, nani yuko na nani. Akasema ndiyo, ila wenye tarakimu. Akacheka. Sikumbuki mara ya mwisho Dada alicheka lini.

Alipokwisha kuondoka ndipo nikakumbuka kwamba hatukuzungumza ujira. Si kitu. Nataka jina langu kwenye ukurasa wa shukrani. La kwanza. Baada ya Mungu, maana mimi si mtu wa kujikweza.

Jumanne, 4 Machi

Nimegundua nina adui. Anaitwa Miwani, anasoma darasa moja na Dada. Kijana mwenye shingo ndefu na subira ya kinyonga. Naye anachora ramani ileile, kwenye kompyuta ya maktaba, eti ili kazi zilinganishwe. Dada anasema macho manne yanaona kuliko mawili. Miwani peke yake anayo manne. Mimi nimeingizwa kwa ajili gani?

Kazi ya leo: kusafisha maneno. Wasomi hawa kitu kimoja wanakivisha nguo kumi. Huyu anaandika ada ya ukaguzi, yule malipo ya mkaguzi, mwingine bei ya ukaguzi. Ukiwaacha hivyo, programu itadhani ni watu watatu. Kwa hiyo unawakusanya unawapa jina moja, kama mama anavyowaita watoto wote wa jirani "nyie".

Nilikwenda kwa kasi. Miwani anasafisha neno moja kisha anasimama anafikiri, utadhani anachagua mchumba. Mimi nilikuwa nafyeka. Hata kufilisika na kustaafu niliviunganisha, kwa sababu kwa Baba vilitokea mwaka mmoja.

Jioni Dada alipita kukagua. Akafika hapo. Hakunigombeza. Akavitenganisha tena, polepole, kisha akakaa akitazama skrini kwa muda kama mtu aliyesahau kilichomleta.

Nieleze habari ya Baba, maana shajara hii ikija kuwekwa kwenye jumba la makumbusho, watu watataka kujua. Baba alikuwa mtunza stoo kiwandani. Akiba yake yote ya uzeeni aliiweka kwenye chama cha akiba cha wafanyakazi. Kila mwaka wakaguzi walikuja, wakanywa soda, wakakipa chama hati safi. Hati yenyewe ilitiwa fremu ikatundikwa ukutani pale ofisini, na Baba alikuwa akirudi nyumbani akituambia kwamba kioo chake kinafutwa kila Ijumaa. Halafu asubuhi moja wakakuta kufuli mlangoni. Walioondoka na pesa waliondoka na samani pia. Fremu waliiacha.

Tangu hapo Baba huamka, hupiga pasi shati lake jeupe, huenda mpaka kwenye lile kufuli, hulitazama, hurudi. Haongei. Tangu Mama atutoke alikuwa haongei sana, lakini sasa hata chumvi haombi. Anakula chakula hivyohivyo.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya heshima. Leo nimewajibu wasomi swali lililowashinda. Kwenye makala za zamani wanagombana juu ya ukubwa wa kampuni za wakaguzi. Kwenye za katikati wanagombana kama mkaguzi akikaa mno na mteja mmoja anamzoea mpaka haoni tena uchafu. Miaka na miaka! Nikamwambia Dada wangeniuliza mimi ningewaelekeza kwenye nyumba yoyote yenye ndoa. Kwenye mpya wamehamia kwenye mashine, eti mashine ndiyo ikague. Binadamu akichoka kulaumiana na mwenzake humtafuta asiye na mdomo.

Dada akanionyesha anachowinda. Katika makala zote hizo, akasema, kuna kampuni kubwa, kuna bodi, kuna wenye hisa, kuna ada. Hakuna mwenye akiba ndogo. Hakuna aliyewahi kumwendea mtu kama Baba akamuuliza: ulipoona ile hati safi ukutani, uliamini nini? Hilo ndilo pengo lake. Tasnifu nzima imesimama juu ya hilo pengo. Akanipa amri moja: nikiona kitone kimesimama peke yake pembeni, nisikiguse, nimwite. Vilivyo pembeni ndivyo anavyovitafuta.

Nikamwahidi kwa kiapo. Mimi kwa viapo sina mpinzani.

Jambo lenyewe si la mchezo, hata mimi najua. Mkataba wa Dada pale chuoni unakwisha mwisho wa mwezi. Akiitetea tasnifu wiki ijayo akapita, wanamwajiri. Asipopita, kiti chake kuna wanaokinyemelea. Na mshahara wa Dada ndio kodi, ndio dawa za presha za Baba, ndio kila kitu isipokuwa sabuni, ambayo naleta mimi.

Jambo jingine. Usiku Dada huloweka miguu kwenye beseni na kumuuliza Baba maswali ya kile chama. Mwenyekiti alichaguliwaje, mikutano ilikuwaje. Na Baba anajibu! Jana kajibu sentensi nzima. Kasema, "Tulipiga makofi mwanangu, kila mwaka tulipiga makofi." Kisha akaomba chumvi.

Jumamosi, 8 Machi

Ushindi! Ramani imezaliwa, na mkunga ni mimi.

Nilitia maneno yote, nikabonyeza, programu ikafikiri, feni ya kompyuta ikapiga kelele kama ndege inayopaa, Mama Kopi akauliza kama nimeamua kumuunguzia duka. Halafu ikatokea. Nyekundu huku, kijani kule, buluu, njano, nyuzi kama utando wa buibui tajiri. Katikati limekaa dubwana lenyewe, ubora wa ukaguzi, limenona kama bwana harusi.

Kulikuwa na kasoro ndogo. Kona ya chini kulia, mbali na wenzao, kulikuwa na vitone vitatu vinne vimejikunyata, havina uzi wowote wa kuvifikisha mjini. Vilifanya umati mzuri wote usogee kushoto na kusinyaa ili navyo vipate nafasi. Kama wageni wasioalikwa wanaosababisha meza isogezwe. Maneno yaliyoandikwa pale sikuyasoma. Nani ana muda?

Hapo programu yenyewe ikaniuliza, kwa adabu kabisa. Ikasema baadhi ya vitone havijaungana na wengine, je, ungependa kuonyesha vile vilivyoungana tu? Ndiyo au Hapana.

Mashine ya kisomi inapokuomba ruhusa ya kupendeza, utaikatalia? Nikabonyeza Ndiyo. Kona ikawa nyeupe. Umati ukajaa ukurasa wote, ukanawiri. Niliita wateja waje waone. Mama mmoja aliyekuja kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa alisema ni kitenge kizuri, nitamuuzia bei gani.

Dada aliitazama kwa muda mrefu. Akapitisha kidole pembezoni mwote. Akauliza kama kulikuwa na kilichosimama peke yake. Nikasema hakuna. Akafumba macho, akasema, "Basi kweli hakuna aliyewauliza." Alisema kwa huzuni na furaha pamoja, kama mtu aliyekuta kiti kitupu alichokuwa akikitafuta, kisha akakumbuka ni cha nani.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Walisema na jambo jingine baada ya hapo, lakini mimi hiyo nusu inanitosha.

Jumanne, 11 Machi

Miwani kaleta yake. Leo tu! Kasimamia mitihani tawi la mbali, kapita dukani mbiombio na mkoba begani, kaacha flashi. Anataka ramani yake ichapwe kubwa, ipelekwe kwa Dada pamoja na yangu, aone ipi ni ipi. Basi linamsubiri, simu yake imezima. Kaniagiza nimwambie Dada atazame vizuri kona ya chini kulia kabla hajafunga sura ya mwisho. Alirudia mara mbili. Nikamwambia nina masikio mawili, kila moja limesikia mara moja, aende salama.

Nikafungua. Masikini Miwani. Ramani yake imesinyaa upande wa kushoto kama nguo iliyofuliwa kwa maji ya moto, na kule kona vipo vilevile vitone, kama vinyesi vya nzi kwenye ukuta mweupe. Huyu mtu programu ilimuuliza kwa adabu, akajibu Hapana!

Nilifikiria. Kweli nilifikiria, hadi chai ikapoa. Ramani mbili zikifika mezani, Dada atauliza kwa nini hazifanani. Tutabishana. Miwani ataeleza kwa utaratibu wake ule, kama dawa ya matone. Jina la kwanza kwenye shukrani litakuwa lake. Mimi nitakuja mwisho, pamoja na "wote ambao sikuweza kuwataja".

Kwa hiyo nimechapa yangu. Mara mbili. Moja kubwa ya ukutani, moja ndogo ya ndani ya tasnifu. Flashi ya Miwani ipo salama kwenye kopo la klipu, chini ya klipu.

Dada alipokuja kuchukua mzigo aliuliza kama Miwani kapita. Nikasema kapita. Akauliza kasemaje.

Nikasema, "Anakusalimia sana."

Jumatano, 12 Machi

Nimepiga chapa tasnifu nzima na kuijalidi kwa jalada la buluu. Kazi safi, gundi haijatoka pembeni. Ukurasa wa shukrani Dada aliuandika harakaharaka kwenye karatasi, kanishukuru mimi mstari wa saba, eti "mdogo wangu kwa kuchapa". Kuchapa! Nikausahihisha kidogo. Sasa unasomeka hivi: baada ya Mwenyezi Mungu, shukrani za kipekee zimwendee Injinia wa Ramani, ambaye bila yeye kazi hii isingependeza. Msimamizi wa tasnifu kashuka mpaka mstari wa nne. Ni mtu mzima, atastahimili.

Nakala zimepelekwa chuoni mchana, pamoja na ile ya mtahini wa nje. Mtahini huyo jina lake ni siri mpaka siku yenyewe. Dada anasema ndio utaratibu, ili mtu asiandike kumfurahisha. Mimi ningemtafuta nikamfurahisha mapema. Ndiyo tofauti ya msomi na mwerevu.

Jioni maajabu. Baba kasema atakuja kesho kwenye utetezi. Kapiga pasi shati jioni, badala ya asubuhi. Kauliza kama waweka akiba watatajwa. Dada kamwambia watatajwa Baba, wao ndio sura ya mwisho. Baba akalitundika shati kwenye msumari, akalirekebisha bega, akalirekebisha tena.

Alhamisi, 13 Machi

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Chumba kilikuwa na meza ndefu, jagi la maji, na kiyoyozi kilichokuwa kikidondoka kwenye ndoo. Nilibandika ramani yangu ukutani kwa pini nne. Watu waliguna kwa kuipenda. Msimamizi aliguna. Baba alikaa nyuma kabisa, shati linang'aa. Miwani aliingia mwisho, akatazama ukuta, akatazama kona ya ukuta, akanitazama mimi. Nikamwonyesha kidole gumba.

Mtahini wa nje ni mama mzima, mfupi, kavaa sweta la kijivu kwenye kile kiyoyozi. Alikuwa mtulivu mno, nikajua huyu tumempata. Dada alieleza vizuri, sijawahi kumsikia akiongea vile, sauti haikutikisika. Alipofika mwisho akaweka kiganja juu ya ile kona nyeupe akasema hapa ndipo penye kimya. Katika miaka yote hii hakuna mtafiti aliyewaendea wenye akiba ndogo akawauliza hati safi iliwafanyia nini.

Bibi Sweta akafungua tasnifu. Akaanzia kwenye shukrani. Akauliza Injinia wa Ramani ni nani. Nikasimama. Mbele ya watu wote nikasimama, nikainamisha kichwa kidogo, kama wanavyofanya watu waliozoea kushangiliwa.

Akanitazama, akanishukuru, akaniambia nikae.

Kisha akasema pole sana, binti yangu, lakini ameitafuta kazi yake mwenyewe kwenye ramani hii tangu jana na hajaiona. Amekaa miaka kumi na watu wa vyama vya akiba vilivyokufa. Kakaa nao kwenye mabenchi, nje ya milango iliyofungwa. Kaandika, kachapisha, na wanafunzi wake wawili wameandika. Si nyingi, na hakuna mkubwa anayezitaja, ndiyo maana hazina uzi na wakubwa. Lakini zipo kwenye kumbukumbu zilezile za maktaba ambazo tasnifu inasema zimetumika zote. Wala hakuja na hasira, akasema. Aliposoma kichwa cha kazi hii alifurahi. Anakaribia kustaafu na amekuwa akimtafuta mtu wa kumwachia kazi hiyo. Alidhani amempata.

Ndoo ilikuwa ikidondokewa. Tone. Tone.

"Zilikuwemo," akasema. "Nani aliziondoa?"

Watu wote waligeuka, si kwa Dada. Waligeuka kwangu, Injinia, ambaye nilikuwa nimesimama kwa hiari yangu muda mfupi uliopita. Nikatazama viatu. Vyangu vina matundu mawili ya kamba yaliyong'oka, sikuwahi kuyaona.

Dada akasema, "Mimi. Kazi ni yangu."

Wakatutoa nje wajadiliane. Hawakukawia. Tasnifu imerudishwa yote, ianze upya kutoka kwenye maneno. Muda wa kuanza upya hauingii ndani ya mwezi huu.

Kwenye korido Miwani alimuuliza Dada kwa upole kama hakupata ujumbe wake. Dada akanitazama. Nikasema mbona nilimpa salamu. Hapo ndipo Dada akaelewa, niliona uso wake ukielewa, kuanzia kwenye paji ukishuka. Nilisubiri kofi. Kofi lina mwanzo na mwisho.

Akasema taratibu, "Mdogo wangu, umenipa hati safi."

Baba alikuwa nyuma yetu. Alisikia.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekaa nimetafakari kama mtu mzima. Makosa ni ya wafuatao. Miwani: ujumbe muhimu huandikwa, haupigiwi kelele mlangoni huku mtu anakimbilia basi. Programu: inauliza maswali ya mitego. Bibi Sweta: miaka kumi anaandika na hajajitafutia hata uzi mmoja wa kumfikisha mjini, halafu lawama anamwagia mtu wa watu. Chuo: kwa nini kuficha jina la mtahini? Ningelijua ningemwekea kitone kikubwa kama sahani.

Nimempelekea Dada chai na mkate. Kasema asante. Alikuwa anapanga vitabu vyake kwenye boksi la karatasi za kopi, lile nililomletea mimi. Angalau boksi ni imara.

Nimemrudishia Miwani flashi. Nilimwambia waliiokota wateja. Kaifuta kwa pindo la shati kaitia mfukoni. Nasikia anampelekea Bibi Sweta barua aombe Dada asaidiwe. Kujipendekeza tu.

Jumapili, 16 Machi

Nyumbani kimya. Beseni la Dada limegeuzwa juu chini uani. Hakuna maswali ya usiku.

Baba aliniita ukumbini. Kaniuliza kitu, na kwa kuwa ni mara ya kwanza ananiuliza kitu tangu mwaka jana, nilikaa vizuri.

"Mwanangu, sisi tulikuwa wapi kwenye ile picha?"

Nikamwambia kona ya chini kulia, Baba.

Akafikiri. "Na tulitolewa na nani?"

Nikamwambia ni mashine. Nikamweleza kwa ufasaha sana jinsi mashine za siku hizi zinavyojiamulia mambo, hata wasomi sasa wameacha kila kitu wanaandika juu yake. Alitikisa kichwa. Akasema hata wale walisema ni mashine. Sikuuliza wale gani.

Jumatatu, 17 Machi

Milango ya riziki haifungwi yote! Asubuhi kaja mwanafunzi wa chuo, mnene, ana haraka. Aliiona ramani yangu siku ile ukutani. Kasema hajali matokeo, hajawahi kuona ramani inayopendeza vile. Naye tasnifu yake ni hiyohiyo ya ubora wa ukaguzi, ila yeye anafuatilia kamati za bodi. Anataka imtokee kama ile. Wenzake wawili watamfuata kesho. Nimeshaandika kibao kwa kalamu ya bango: RAMANI SAFI ZA UTAFITI, MUONE INJINIA. Mama Kopi kauliza kama nina haya. Nimemwambia nina wateja.

Nilimtilia maneno yake. Nilimfyekea. Feni ikapaa. Umati wake ukatokea, na kule pembeni, juu kushoto safari hii, vitone viwili vya watu fulani vimekaa peke yao. Na mashine ikauliza, kwa adabu ileile: baadhi havijaungana na wengine. Ndiyo au Hapana?

Mwanafunzi alikuwa anatazama saa yake.

Nikabonyeza Ndiyo. Ilitoka nzuri, acha kabisa. Kalipa, kaniita bingwa, kaondoka nayo imeviringishwa kwapani.

Nimerudi nyumbani mchana kuchukua gundi. Shati jeupe lilikuwa bado kwenye msumari, lina mikunjo ya Alhamisi. Saa ya Baba kwenda kwenye kufuli ilishapita zamani. Alikuwa amekaa kitandani, miguu sakafuni, kama mtu aliyeambiwa asubiri.

Nikarudi dukani kuandika haya. Mambo mengi yamesemwa juu yangu na mengi ni wivu. Jina la kwanza kwenye shukrani lilikuwa langu, na hilo hakuna anayeweza kulifuta. Kilichoharibika kweli ni kimoja tu. Ile Jumamosi, kabla sijabonyeza, niliisoma kona. Iliandikwa waweka akiba. Nilijua ni akina Baba. Niliona wanaharibu picha.